Mama Kunja Anaitwa Tena

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne tu, lakini Mzee Mita aliisoma mara tatu, akidhani kuna mstari wa tano uliofichwa mahali. Hospitali ilikuwa inamwomba mke wake arudi kazini. Mkataba wa miaka miwili, chumba kilekile cha mvuke na nguo za upasuaji, kazi ileile aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja, kabla ya kustaafu miezi mitatu iliyopita. Ajibu kabla ya Ijumaa kwisha.

"Si utawaambia hapana?" alisema, akimrudishia karatasi.

Mkewe aliikunja barua mara mbili, akailaza chini ya kikombe cha chai. "Leo Jumatatu," alisema. "Ijumaa bado."

Hilo "bado" lilimkwama mzee kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anayekataa hasemi bado.

Mzee Mita hakuzaliwa na jina hilo, alipewa na mtaa. Alikuwa msoma mita za maji. Kwa miaka thelathini na mitano alipita nyuma ya nyumba za watu akifunua vifuniko vya chuma, akiinama, akiandika namba, na kwa jicho la pembeni akiona mambo ambayo hayakuwa ya maji hata kidogo. Kazi hiyo ilimwachia magoti mabovu na udadisi usio na dawa. Alipostaafu, miaka minne iliyopita, hakugeuka nyuma. Viatu vya kazi alivigawa siku ileile. "Nimetembea mpaka nimeimaliza barabara," aliwaambia waliomuuliza kama hataki kibarua chochote.

Miaka hiyo minne alikaa nyumbani peke yake, kwa kuwa mkewe bado alikuwa akienda hospitali. Ndipo alipojifunza kupika, kufua na kupanga vyombo. Kila jioni mkewe aliporudi alikuta chakula kimefunikwa, na mzee alikuwa anahesabu miezi iliyobaki. Alinunua viti viwili vya kamba, akaviweka kibarazani ubavu kwa ubavu. Kimoja alikikalia yeye. Kingine kilikuwa kinamsubiri mwenyewe astaafu.

Sasa mwenyewe alikuwa amekikalia miezi mitatu, na tayari macho yake yalikuwa mlangoni.

Alfajiri ya Jumanne mzee alipiga magoti kando ya kitanda, ingawa magoti yenyewe yalilalamika. Hakuwa mtu wa sala ndefu. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, "mfanye mke wangu aseme hapana. Na aseme kwa hiari yake, nisije nikaonekana mimi ndiye nimemkataza." Aliposimama aliona haya kidogo, kama mtu aliyemtuma mkubwa wake dukani. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, akayaacha yaende.

Saa tatu alikwenda kwa kinyozi. Kinyozi huyo alimzidi mzee miaka minane, na watoto wake walikuwa wamemsihi mara nyingi afunge duka apumzike. Hakufunga. Alimkalisha mzee, akamfunga shuka shingoni, akaanza kumnyoa kisogo.

"Umenuna," alisema kinyozi. "Shingo yako ngumu kama gogo."

"Hospitali wanamtaka tena mama watoto."

"Na yeye?"

"Anasema Ijumaa bado."

Kinyozi akacheka mpaka wembe ukasimama hewani. "Ndugu yangu, pole. Mwanamke wa miaka sitini akikimbilia chumba cha mvuke wa moto, ujue nyumbani kwake kuna moshi mkali zaidi."

"Moshi gani? Mimi simpigii kelele. Nampikia. Namfulia. Nini tena?"

"Basi labda ni sura," alisema kinyozi. "Subiri nimalize, huenda akabadili mawazo."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walicheka, na mzee naye alicheka ili asionekane ameumia. Lakini maneno yalikuwa yamemwingia. Alingoja kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Na wewe? Kwa nini hufungi duka?"

Kinyozi alinyoosha mkono wa kushoto mbele ya kioo. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Kisha akanyoosha wa kulia, ule ulioshika wembe, nao ulikuwa umetulia tuli. "Nikiuweka wembe chini na huu unaanza," alisema. "Sijui kwa nini. Muulize wembe. Na usitingishike, nipo karibu na sikio."

Akiwa njiani kurudi, mzee alimkuta mwalimu mstaafu ameketi kwenye ngazi za shule ya msingi, madaftari yamemjaa mapajani. Huyu naye alikuwa amerudi. Mchana shule ilikuwa ya watoto, lakini jioni chumba kimoja kilifunguliwa kwa watu wazima waliokosa kusoma udogoni, na mwalimu aliwafundisha hesabu na kuandika. Wanafunzi wake walikuwa wauza mboga, madereva, na bibi mmoja aliyetaka kusoma mwenyewe barua za mwanawe.

Mzee alimweleza habari ya barua, kisha akamuuliza kwa nini yeye mwenyewe alirudi. Mwalimu alifikiri sana, kalamu nyekundu ikiwa mdomoni.

"Nyumbani nikikosea," alisema, "wanasema mwacheni, ni mzee. Jana nimekosea kugawanya ubaoni. Wanafunzi wangu wakapiga kelele darasa zima, mwalimu, hapo si saba! Nilifurahi usiku kucha."

"Ulifurahi kukosea?"

"Nilifurahi kusahihishwa. Mtu husahihishwa akiwa bado anahesabiwa." Akafungua daftari lingine. "Na mkeo anasemaje mwenyewe? Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Nilimwambia, si utakataa?"

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, kama anavyomtazama mtu aliyeleta jibu bila kuonyesha njia. "Hapo ulimuuliza, au ulimjibia?"

Mzee aliaga. Alirudi nyumbani akikuna kisogo kilichonyolewa. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake kibarazani, mikono imelala mapajani, anatazama barabara. Mzee alisimama langoni akamtazama kwa muda kabla yeye hajamwona. Alikuwa ameketi wima mno, kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari. Je, ni kweli anakimbia? Na kama anakimbia, anamkimbia nani, ikiwa nyumba nzima ina watu wawili?

Hakuuliza. Aliogopa kwamba angejibiwa.

Jumatano asubuhi mkewe alivaa viatu vyake vyeupe. "Wameniomba nikawaonyeshe kitu kimoja tu," alisema. "Mchana nitakuwa nimerudi. Usinifungulie mikataba kichwani mwako." Akaondoka kwa mwendo wa haraka ambao mzee hakuwa ameuona tangu siku ya kustaafu.

Baada ya kuosha vikombe mzee aliona miwani ya mkewe mezani. Aliitazama kwa muda. Alikuwa amemwomba Mungu, na Mungu hujibu kwa njia nyingi; leo alikuwa amejibu kwa miwani. Akaifunga kwenye leso, akashika njia ya hospitali.

Getini mlinzi alimsimamisha. "Shikamoo mzee. Unakwenda wodi gani?"

"Marahaba. Nakwenda kwa mke wangu."

"Pole sana. Amelazwa?"

"Hapana. Amesimama. Yuko chumba cha kukunja nguo za upasuaji."

Uso wa mlinzi ukafunguka. "Aah, Mama Kunja! Amerudi? Basi pita, mzee, pita. Nyuma ya jiko, mlango wa kijani."

Mzee alipita huku akijiuliza huyo Mama Kunja ni nani. Miaka thelathini na moja, na hakuwahi kujua kwamba mkewe ana jina lingine.

Mlango wa kijani ulikuwa umeegeshwa. Mzee, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, hakugonga. Alisimama pembeni akachungulia. Chumba kilikuwa kirefu na cheupe, na joto lake lilinukia pamba iliyopigwa pasi. Ukutani mashine kubwa ya mvuke ilikuwa inapumua kama ng'ombe aliyelala. Upande mmoja palikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake. Mwanamke mmoja alitandaza shuka la kijani juu ya kioo, akaliangalia lote, na palipokuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano mwanga ulichomoza, naye akapazungushia chaki. Katikati ya chumba palikuwa na meza ndefu ya mbao, na kwenye meza hiyo, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni, alikuwapo mkewe.

Alikuwa na miwani usoni. Nyingine kabisa.

Mbele yake walisimama wafanyakazi wapya watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja mwenye mabega mapana. "Nione," alisema mkewe. "Kunja moja."

Mwanamume alikunja gauni la daktari. Alikunja vizuri, kingo zimelingana kama daftari jipya, na akalisukuma mbele kwa fahari.

"Zuri," alisema Mama Kunja. "Sasa wewe ni daktari. Umenawa mikono mpaka viwikoni, hairuhusiwi kugusa kitu. Lichukue ulivae."

Mwanamume alilichukua, akalikunjua, akashika kifuani ili alifungue.

"Umeshika wapi?"

"Hapa mbele."

"Hapo mbele ndipo patakapomgusa mgonjwa tumbo lake likiwa wazi. Umeshapachafua. Vua, daktari, rudi nyumbani, tafuta kazi nyingine."

Wote walicheka, na mwanamume alicheka zaidi ya wote. Kisha mkewe akalitandaza gauni upya. Akaligeuza ndani nje, mishono yote juu, akapindisha mikono, akakunja mara moja kwa urefu, akalikunja tena nyuma na mbele kama kinanda cha mkono, na mwisho akaiacha shingo juu kabisa. Ilichukua kama sekunde kumi. "Anashika hapa, shingoni, kwa ndani. Analiacha lijifungue lenyewe kwa uzito wake. Anaingiza mikono. Upande wa nje haujaguswa na mtu yeyote tangu lilipotoka kwenye mvuke. Anayefungua hawezi kukuuliza, ana mtu mezani. Kwa hiyo mkunjo ndio unaomwambia."

Pale mlangoni mzee alifungua mdomo. Kwa miaka thelathini na moja mashati yake yalikaa kabatini yamekunjwa ndani nje, mishono ikimkodolea macho. Kwa miaka thelathini na moja aliyageuza kila asubuhi huku akinung'unika. Mara mbili alisahau, mara moja kati ya hizo akaenda hivyo kwenye harusi ya mpwa wake. Alidhani ni ukaidi wa mkewe. Yeye, aliyetaka kujua kila kilichokuwa nyuma ya kila ua mjini, hakuwahi kuuliza.

"Mzee, unatafuta mtu?"

Nyuma yake alisimama msimamizi wa chumba, mwanamke wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. Mzee akaonyesha leso yake. "Nimemletea mke wangu miwani."

"Ana miwani tatu hapa. Moja kwenye kila droo." Msimamizi alitabasamu. "Karibu uone. Tangu aondoke tumepata tabu. Vifurushi vinarudishwa kutoka chumba cha upasuaji. Wiki iliyopita, siku moja tu, kumi na vinne. Magauni yamekunjwa nje nje, mashuka yamepangwa kinyume, la kwanza kutumika liko chini kabisa. Mgonjwa mmoja alilala mezani dakika arobaini anatazama dari, wakati wanatafuta seti nyingine. Hakudhurika, Mungu ni mwema. Lakini nilipopeleka seti hiyo alinitazama."

"Hamkuandika mahali, mtu akasoma?"

Msimamizi alimwonyesha ukuta. Karatasi zilikuwapo, tena zenye picha na mishale. "Wanasoma vizuri sana," alisema. "Ila mikono haijui kusoma."

Basi jibu si limepatikana? Mzee alitaka liwe limepatikana. Anahitajika, kwa hiyo anarudi. Hakuna moshi, hakuna sura. Alikuwa karibu kutoa pumzi ya shukrani, pale mkewe alipocheka tena kwa jambo fulani aliloambiwa na yule mwenye mabega. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kichwa kimerudi nyuma. Mzee alikifahamu. Alikuwa hajakisikia kwa miezi mitatu, na alikuwa hajatambua kwamba hakisikii.

Pumzi ikabaki ndani.

Saa sita na nusu walikaa kwenye benchi la saruji nje, mahali ambapo mashuka yalikuwa yamening'inia safu kwa safu. Mkewe aligawa mkate wake nusu kwa nusu. Hakuwa amekasirika.

"Umekuja kusoma mita," alisema.

"Nimeleta miwani."

"Hiyo ni ya kusomea nyumbani, mzee. Hapa ningeona nini nayo?" Akatafuna kidogo. "Haya. Uliza unachotaka kuuliza. Tangu juzi unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Mzee aliutazama mkate. Alikumbuka maneno ya mwalimu, akajikaza asimjibie. "Kwa nini unataka kurudi?" alisema. Kisha, kwa kuwa lile jingine lilikuwa limekaa nyuma yake likimsukuma, akaongeza, "Je, unanikimbia?"

Mkewe alipangusa makombo mapajani.

"Kama ningekuwa nakukimbia," alisema mwishowe, "ningekwenda mbali. Hapa ni mwendo wa dakika ishirini, na wewe umeshafika."

"Sijacheka."

"Najua. Basi nisikilize, na usinikatize." Aliweka mkate chini. "Wiki ya kwanza nilipostaafu nilitafuta chujio la chai. Mahali pake nilipapanga mimi, tulipohamia. Halikuwapo. Sukari haikuwapo. Kisu hakikuwapo. Wewe ukaja ukaniambia, kaa tu mama, nitakutafutia. Nikakaa. Kesho yake nikataka kutandika kitanda, nikakuta umeshatandika, na mimi bado sijamaliza kupiga mswaki. Nikashika ufagio, ukaninyang'anya. Pumzika, umefanya kazi sana. Mzee wangu, hata mgonjwa huambiwa ainuke siku ya tatu. Mimi nimekaa miezi mitatu."

"Nilikuwa nakuenzi."

"Uliniwekea kiti. Ni kiti kizuri. Lakini nyumba nzima ukaishika wewe, sina pa kuweka mkono. Nimekuwa mgeni anayelala."

Maneno hayo yalimchoma, na yalimchoma kwa sababu hayakuwa na hasira. Basi kinyozi alikuwa amesema kweli. Moshi ulikuwapo, na aliyeuwasha ni yeye, akidhani anapika.

"Nikikurudishia jiko?" alisema. "Nikikurudishia nyumba yote, utakataa barua yao?"

Alimwona mkewe akiuvuta uzi uliochomoza kwenye sketi yake. "Hilo ndilo niliogopa uniulize," alisema. "Ukweli wa Mungu? Hapana. Hata hivyo ningetaka kurudi."

"Kwa nini?"

"Sikiliza. Nilipoanza hapa niliogopa. Miaka kumi nilikuwa naogopa kila kitu, mvuke, madaktari, msimamizi. Miaka kumi iliyofuata nilikuwa nalea, nakunja huku nimesinzia, mtoto mmoja ana homa, mwingine kafukuzwa shule. Ni hii kumi ya mwisho tu ambayo nimekuja hapa nikiwa mzima, na akili zangu zote. Nikagundua kumbe naiweza. Kumbe naipenda! Nikawa naona kosa kabla halijatokea. Ndipo wakanipa saa ya ukutani na soda, wakaniambia kwaheri." Aliukata uzi kwa meno. "Asubuhi nyingine naamka nikikuta mikono inakunja shuka letu kabla mimi sijaamka. Kwa nini zaidi ya hapo, sijui. Wewe unataka namba moja uandike kwenye kitabu. Sina namba moja."

Upepo uliyainua mashuka kidogo, ukayaacha. Mzee alikuwa na maswali mengine kama kumi, lakini kwa mara ya kwanza wiki hiyo alihisi kwamba lililojibiwa linatosha. Lilikuwa na uzito wake, na halikuwa lile alilolitaka. Alimaliza mkate wake polepole.

"Wanakuita Mama Kunja," alisema.

"Miaka yote."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza, baba watoto. Uliuliza ya mtaa mzima."

Alfajiri ya Alhamisi alipiga magoti tena. "Baba, nimekuwa nakupa maagizo," alisema. "Nisamehe. Sijui nikuombe nini. Nionyeshe pa kuweka mikono yangu, nami nimwache aweke yake." Sala ilikuwa fupi, na aliposimama hakuona haya.

Mkewe alipotoka kuoga alikuta kabati la jikoni limefunguliwa wazi, na kila kilichokuwa ndani kiko sakafuni, mezani na juu ya viti: sufuria, makopo, vijiko, sahani za wageni, chujio. Mzee alikuwa amesimama katikati kama mtu aliyevamiwa.

"Panga," alisema. "Mimi nitakaa."

"Umepatwa na nini?"

"Panga tu, kabla sijabadili mawazo."

Aliketi kwenye kiti mlangoni, na kuketi huko kulikuwa kugumu kuliko kusoma mita mia. Mkewe alifunga kitambaa kichwani, akaanza. Alipotaka kuweka majani ya chai rafu ya juu mzee aliinuka nusu. "Hapo hutafikia!"

"Nitafikia. Kaa."

"Vikombe nyuma ya sahani? Vikombe tunavitumia kila siku!"

"Sahani zinatoka kwanza, asubuhi, kwa mkate. Kisha vikombe. Kinachotumika kwanza kinakaa mbele."

"Watu wengine hunywa chai kabla ya mkate."

"Watu gani?"

"Mimi! Miaka minne nakunywa chai kwanza!"

Mkewe alisimama na sahani mkononi. Hilo hakulijua. Alikuwa akiondoka saa kumi na mbili, hajui mumewe anaanza siku na nini. Wakatazamana kati ya makopo yale, kisha akavileta vikombe mbele, mwenyewe. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, wakigombania kila kijiko. Mzee alishinda mara mbili, mkewe mara nyingine zote, na kicheko kile cha tumboni kilisikika jikoni pale mzee alipotetea mahali pa mfuniko ambao sufuria yake ilikuwa imetoboka zamani.

Walipokuwa wakila mzee alisema, "Miaka miwili ni mingi."

"Nimeiwazia hiyo," alisema mkewe. "Nitawaambia mwaka mmoja. Na kila Ijumaa niwe nyumbani, nataka kukaa kwenye kile kiti siku moja nikiwa nimechoka kweli."

"Na wakikataa?"

"Hawatakataa. Wana vifurushi kumi na vinne."

Ijumaa walikwenda pamoja. Hawakukataa. Msimamizi alikata namba mbili kwenye mkataba kwa kalamu, akaandika moja, na wote wakaweka saini ndogo pembeni. Ofisi ilikuwa nyembamba, na mzee aliketi kwenye kibao kando ya mlango, kofia magotini. Mwishoni msimamizi alitoa fomu nyingine, akamsogezea mkewe.

"Hii ya ofisi kuu. Jina, namba ya zamani ya kazi, tarehe. Na hapa chini, sababu ya mstaafu kurudi."

Mzee alisogea mbele kwenye kibao chake. Alikuwa amekwenda kwa kinyozi, kwa mwalimu, na mpaka kwenye benchi la saruji kuitafuta sababu hiyo. Kwa ajili ya jambo hilo alikuwa amepiga magoti mara mbili. Alitaka sana kuona itakavyokaa kwenye karatasi. Nafasi waliyoacha ilikuwa mstari mmoja, hata haukufika ukingoni.

Mkewe alijaza jina, akajaza namba, akajaza tarehe. Alipofika chini kalamu ikasimama. Aliutazama ule mstari, akamtazama msimamizi.

"Wengine huandika nini?"

"Upungufu wa watumishi, Mama. Wote huandika hivyo."

"Basi," alisema Mama Kunja, na akaandika hivyo, kwa mwandiko mzuri wa kulala, herufi kwa herufi.

Mzee alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba hiyo si kweli, au ni kweli ndogo kuliko zote, kwamba kuna miaka thelathini imeachwa nje ya mstari huo. Mkewe alimtupia jicho kutoka mezani, jicho la mtu anayejua kwamba unajua. Mzee akaufunga.

Nje, mbele ya mlango wa kijani, mkewe alikunja mikono ya nguo yake. Mashine ya mvuke ilikuwa imeshaanza kupumua.

"Lakini leo Ijumaa," mzee alisema. "Si tumekubaliana Ijumaa uko nyumbani?"

"Kuanzia wiki ijayo. Leo wana wagonjwa wanne na hakuna hata kifurushi kimoja kilicho tayari."

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Nitakuja nikuchukue."

"Njoo. Ila gonga mlango, usichungulie," alisema, na akaingia.

Mzee Mita alisimama pale dakika moja zaidi, mikono nyuma. Kisha akashika njia ya getini. Saa tisa ilikuwa mbali, na kwa kuwa alikuwa na muda, alimuuliza mlinzi ni miaka mingapi yupo kwenye lile geti, na kama ameshawahi kufikiria kuacha.

"Kaa hapa kivulini, mzee," alisema mlinzi, akimsogezea kiti chake. "Hiyo ni hadithi ndefu."